Chumba cha Mvuke cha Bi. Rukia

Siku ya kuniaga kazini mlikata keki, mkanivika shuka, mkaniambia niseme neno. Nilisimama, nikasema asanteni, nikaketi. Mlidhani ni haya. Haikuwa haya. Nilikuwa na maneno mengi mno, na karibu yote yalimhusu mtu ambaye hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumwona. Sasa ni mwezi wa tatu niko nyumbani Kinoo, na bado saa kumi na moja alfajiri mikono yangu huamka kabla yangu, ikitafuta glavu. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Sitawaeleza nilivyopandishwa cheo. Nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili kesho yake nilikuta sinki ni lile lile.

Nilianza kazi mjini, River Road, katika kliniki ya meno iliyokuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la wachapishaji. Mashine zao zilipoanza kupiga kadi za harusi, sakafu yetu ilitetemeka na vyombo vikalia kwenye trei. Mwenye kliniki alikuwa Daktari Oduya, mtu mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa ambayo sijui iliingiaje katika vinywa vya watu. Aliniajiri nipige deki. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeolewa karibuni, na jino la mtu nilikuwa sijaliona ila likiwa limemkalia mwenyewe kinywani.

Asubuhi ile ya kwanza niliona trei yenye koleo na vioo imeachwa juu ya meza, ina damu. Nikataka kuonekana mchapakazi. Nikachukua kitambaa changu cha deki, nikaanza kufuta.

"Wacha!"

Sauti ilitoka katika kichumba cha nyuma ambacho nilidhani ni stoo. Akatoka mama mfupi, mnene kiasi, amejifunga buibui kiunoni na juu yake aproni ya mpira, glavu nene za kuoshea zimemfika viwikoni.

"Jina lako nani?"

"Nyambura."

"Nyambura, hicho kitambaa kimetoka wapi?"

"Kwa sakafu."

"Na hicho chombo kinakwenda wapi?"

Nilikitazama kile kitambaa.

"Kinakwenda kinywani mwa mwana wa mtu," alisema. "Sasa umekitoa damu ya mtu mmoja, ukakipaka viatu vya River Road nzima. Na wewe mwenyewe mikono mitupu. Njoo huku."

Huyo ndiye Bi. Rukia. Alikuwa mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale, aliyeletwa Nairobi na ndoa. Mumewe alikuwa akifundisha watoto Kurani katika madrasa iliyokuwa hatua chache kutoka kliniki. Kichumba chake hakikuwa na dirisha la maana. Kulikuwa na masinki mawili, meza ya zege, na mashine ya mvuke yenye umbo la pipa, yenye mshale wa kuonyesha joto na mfuniko wa kukazwa kwa mkono. Yeye aliiita jiko, na kila awamu ya kutakasa vyombo akaiita mpiko. Sinki la kulia lilikuwa la vichafu, la kushoto la visafi, na katikati alichora mstari wa rangi nyekundu ukutani hadi sakafuni. Daktari mwenyewe hakuthubutu kuuvuka akiwa ameshika kitu kilichotoka kinywani.

Siku hiyo alinifundisha jambo ambalo nimewaimbia ninyi mpaka mkanichoka. Alichukua koleo lenye damu iliyokauka kwenye meno yake, akanionyesha. "Wengi hudhani moto unasamehe kila kitu. Uchafu ukipikwa haugeuki usafi. Unakuwa uchafu uliopikwa. Kwanza loweka, kisha sugua, suuza, kausha, tazama kwa kioo, funga, ndipo upike." Akanipa brashi. Nilisugua vyombo kumi na vinne. Akanirudishia kumi na viwili.

Baada ya mwezi alimwambia daktari atafute mtu mwingine wa deki. Mimi nikahamia ndani ya mstari mwekundu.

Kiswahili mnachokisoma hapa ni chake pia. Nilikuja pale nikisema "kitu yangu" na "hii maji", kama sisi sote wa Nairobi. Hakunicheka. Alirudia tu neno langu likiwa limenyooka, kama mtu anayemwekea mwenzake kola ya shati sawa, halafu akaendelea na kazi. Wakati wa Ramadhani mimi ndiye niliyekuwa nikikaza mfuniko jioni ili yeye awahi futari, na kesho yake aliniletea sambusa katika kopo, bado zimefungwa gazeti.

Enzi hizo meno yalizibwa kwa madini yaliyochanganywa na zebaki, na zebaki yenyewe ilikuja katika chupa. Siku moja chupa iliponyoka mkononi mwa daktari. Zebaki ikakimbia sakafuni, matone mamia, mazuri kupita kiasi, yaking'aa kama shanga. Nilikimbilia ufagio. Bi. Rukia akanizibia mlango kwa mikono miwili.

"Ukiifagia utaitawanya, kisha hewa yake tutaivuta mwaka mzima. Vua pete."

"Pete?"

"Zebaki hula dhahabu. Utarudi kwa mumeo na kitu cha kijivu, umweleze nini?"

Aliwatoa wagonjwa, akafungua madirisha, akaufunga mlango wa ukumbini. Akazima taa, akailaza tochi sakafuni ili mwanga utambae. Kila tone likajitangaza lenyewe kwa kivuli chake. Kwa kadi mbili za harusi zilizoharibika, tulizozipata kwa wachapishaji wa chini, tuliyasukuma matone pamoja, tukayafyonza kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tukayatia katika chupa yenye maji na kifuniko. Tulitambaa kwa magoti saa mbili nzima. Daktari Oduya naye alitambaa. Hiyo ndiyo mara pekee niliyowaona watu watatu wazima wakigombea kitu ambacho hakuna aliyekitaka.

Lakini kilichonifunga kwa Bi. Rukia ni sindano. Nilikuwa nakusanya trei baada ya jino kung'olewa, nikataka kuirudishia sindano kifuniko chake kwa mikono miwili, jambo alilonikataza mara elfu. Mlango ukabamizwa na upepo, nikashtuka, sindano ikapita glavu ikaingia kwenye kidole gumba. Tone moja la damu. Nilisimama nikilitazama kama la mtu mwingine.

Alinishika mkono akaupeleka chini ya bomba. "Usikamue. Usinyonye. Acha maji yafanye kazi yake." Alinisabunisha taratibu, kama mtoto. Hakunikemea hata neno moja, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Kisha akavaa buibui lake vizuri, akanitembeza kwa miguu hadi hospitali, akaketi nami kwenye benchi hadi nilipopewa dawa za kuzuia virusi. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mpita njia aliyelipa taslimu, na jina aliloliandika halikutusaidia kumpata.

Kungojea majibu ya mwisho kulichukua miezi. Nilimweleza mume wangu. Alisikia, akahamishia mto wake kwenye kochi kama tulivyoshauriwa, na kila asubuhi alinipikia chai bila kusema kitu. Kazini, habari zilienea. Kijana wa mapokezi aliandika jina lake kwenye kikombe chake. Mchana ule ule Bi. Rukia alileta pilau katika sinia moja, akaiweka kati yetu ukumbini mahali ambapo kila mtu angeona, akaniambia, "Kula, Nyambura. Upande wako una nyama nyingi, nitakuibia." Tulikula sinia moja kila mchana mpaka majibu yalipotoka. Nilikuwa mzima. Alipoiona karatasi aliinua mikono akashukuru, kisha akanigeukia: "Haya. Sasa nitakugombeza." Akanigombeza kwa dakika ishirini.

Miaka ikapita. Mumewe akafariki, binti yake akaolewa Mombasa, naye akabaki Nairobi kwa ajili ya kile kichumba. Jengo la River Road likauzwa, Daktari Oduya akahamishia kliniki Muthangari, katika nyumba yenye bustani na mijakaranda. Wagonjwa wetu sasa walitoka Lavington na Spring Valley, wakiuliza mahali pa kuegesha kabla ya kuuliza habari ya meno. Tulipewa chumba chenye madirisha mawili na mashine mpya ya mvuke yenye kioo na vitufe. Bi. Rukia aliizunguka siku ya kwanza kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua. "Ile ya mjini ilikuwa ikifoka ikikasirika," alisema. "Hii inatabasamu tu. Mtu anayetabasamu muda wote simwamini."

Alichora mstari mwekundu kwenye ukuta mweupe mpya. Wapaka rangi waliguna. Daktari akasema, "Wachana na yeye, hiyo laini ndiyo imenifikisha hapa."

Kipimo chetu kikuu kilikuwa kikaratasi kinachowekwa ndani ya kila pakiti ya vyombo. Kinaingia kikiwa na alama ya rangi ya waridi hafifu. Mvuke ukifika kwa joto na muda unaotakiwa, alama hiyo hugeuka kahawia, nzito kama kahawa. Kila mpiko ulikuwa na kikaratasi chake cha ushahidi, tulichokibandika daftarini, na aliyepika akaweka sahihi. Sahihi moja. Miaka yote hiyo ilitosha.

Sasa nafika kwenye siku niliyokuwa nikiizunguka.

Ilikuwa Jumanne. Asubuhi nilikuwa nimeomba ruhusa, nimempeleka mama mkwe kliniki ya sukari. Nilifika kazini karibu saa sita. Bi. Rukia alikuwa peke yake tangu alfajiri: alikuwa amepika vyombo, na kwa kuwa sikuwapo, yeye ndiye aliyemhudumia daktari pale kitini na kufungua pakiti. Nilinawa, nikavaa, nikafungua kabati la visafi nimpelekee daktari trei ya kung'olea. Mgonjwa alikuwa tayari amepigwa ganzi.

Nilichukua pakiti ya kwanza. Upande wake wa plastiki ulionyesha kikaratasi kilicho ndani. Kilikuwa cha waridi.

Nikachukua ya pili. Waridi. Ya tatu, ya nne. Nilienda kwenye daftari. Mpiko wa alfajiri ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko wake mzuri wa kulalia, sahihi iko, na kando ya sahihi kikaratasi kimebandikwa sawasawa, pembe nne zimenyooka. Cha waridi.

"Bi. Rukia," nikasema. "Asubuhi umeme ulikatika?"

"Ulikwenda kidogo ukarudi. Mashine ikamaliza yenyewe."

Nilimsogezea daftari. "Hii ni rangi gani?"

Aliinama. Alisogeza uso karibu mno na ukurasa, halafu akaurudisha nyuma, halafu karibu tena. Mimi niliyekaa naye miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kuuona mwendo ule. Au niliuona, sikutaka kuuelewa: jinsi alivyokuwa ameanza kuhesabu ngazi kwa mguu, jinsi alivyoniomba nitie uzi kwenye sindano ya kushonea, nami nikacheka.

"Kahawia," alisema.

"Mama, ni waridi."

Akaninyang'anya daftari, akaenda nalo dirishani. Akasimama pale. Bustanini mtu alikuwa akikata majani. Akauliza bila kugeuka, "Zote?"

"Zote zilizobaki."

"Zimetumika ngapi?"

"Wewe ndiwe uliyekuwa ndani."

"Wanne," alisema. "Wagonjwa wanne." Hapo akageuka. "Nyambura, mwanangu. Nipe mpaka jioni. Nizipike hizi upya kwanza. Nikae na moyo wangu. Jioni nitamwambia daktari mimi mwenyewe, kwa kinywa changu."

Na alikuwa mkweli. Naapa angemwambia. Lakini kule ndani mgonjwa alikuwa amelala kinywa wazi, na nilikumbuka kuwa trei ya vioo ilikuwa imeshatangulia mezani kwa daktari tangu kabla sijafika. Trei ya mpiko ule ule. Nilimtazama Bi. Rukia, nikamtazama mlango.

"Hakuna jioni, mama," nikasema, nikafungua mlango.

Daktari Oduya alikuwa ameshainua kioo. Nilisema, "Daktari, simama. Usiguse." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Mgonjwa, mama kijana, alitutazama mmoja baada ya mwingine kwa macho yaliyotanuka. Daktari aliweka kioo chini polepole, akavua glavu, akamwambia, "Pole sana, mama. Leo hatutaendelea." Akatoka nami ukumbini. Nilimweleza. Aliegemea ukuta, akafumba macho.

"Ni Rukia?"

"Ni macho yake, daktari. Haoni rangi."

"Yesu," alisema. "Na mimi nimekaa naye asubuhi yote."

Tulifunga kliniki siku hiyo. Daktari aliwapigia wale wanne mwenyewe, mimi nimekaa pembeni na orodha. Wa kwanza alikuwa mzee aliyewahi kuuza viazi sokoni Dagoretti. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante kwa kuniambia. Mngenyamaza, ningejuaje?" Wa tatu alikuwa mama wa Spring Valley. Huyo alipaza sauti hata nikamsikia bila kipaza sauti: "Mimi nilitoroka kliniki za tao, huko mjini, nikikwepa uchafu! Kumbe ni nyinyi mlihama nao!" Daktari hakujitetea. Alisema tu, "Una haki, mama. Njoo upimwe leo, gharama ni yetu." Walipimwa siku hiyo, na wangepimwa tena baada ya miezi mitatu, na tena baada ya sita.

Bi. Rukia hakufukuzwa. Daktari alimwita, akamketisha, akamwambia aende kwa daktari wa macho, na kwamba nafasi ya mapokezi ilikuwa yake. Alimsikiliza kwa adabu, akakataa. Nilimkuta chumbani mwetu akikunja aproni.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema.

"Nilikuambia, mama."

"Uliniambia mkono wako ukiwa tayari kwenye kitasa."

Alikuwa na haki, nami nilikuwa na haki, na haki mbili zikikaa chumba kimoja hakuna anayepata nafuu. Alipita upande wa visafi, akagusa meza kwa kiganja, akatoka. Ijumaa ya juma lile binti yake alikuja kumchukua, wakaenda Mombasa.

Wiki iliyofuata nilianzisha utaratibu ambao ninyi mnaulalamikia: watu wawili wakitazame kikaratasi, kila mmoja peke yake, ndipo waweke sahihi mbili. Najua Sheila aliwahi kuniuliza mbele yenu, "Anti, kwani hutuamini?" Nilimjibu vibaya, naomba radhi. Ukweli ni kwamba sijawahi kumwamini mtu katika kazi hii kama nilivyomwamini Bi. Rukia. Ndiyo sababu nilicheka aliponiomba nitie uzi.

Miezi mitatu ikapita. Majibu yakaja safi. Ya miezi sita nayo yakaja safi, wote wanne. Daktari Oduya alitoka chumbani kwake akiwa na karatasi, machozi yanamlengalenga, akasema, "Mpigie Rukia umwambie." Nikasema, nitampigia.

Nilipiga. Binti yake akapokea. "Mama amepumzika."

"Mwambie Nyambura amempigia."

Nilipiga wiki iliyofuata. Amepumzika. Nilipiga Idi. Ana wageni. Sikumwambia binti habari ya majibu. Nilitaka kumwambia mwenyewe. Niliandika ujumbe wa simu mara nyingi, wagonjwa wote ni wazima, maneno manne tu, nikaufuta kila mara, kwa sababu nilijua nikiutuma sitakuwa na sababu tena ya kuisikia sauti yake. Nilitaka aisikie habari ile na katika furaha yake anisamehe. Mnaona nilivyokuwa nikitaka vitu viwili kwa simu moja. Mwishowe nikaacha kupiga. Nilijiambia amenikasirikia, na mtu aliyekasirika huachwa apoe. Miaka ikaenda hivyo. Daktari Oduya akastaafu, kliniki ikachukuliwa na wenyewe wa sasa, mkaja ninyi. Kila nilipomrudishia mmoja wenu vyombo akavisugue upya nilisikia sauti yake ikitoka kinywani mwangu, na jioni nikirudi Kinoo nilikuwa na hamu naye inayouma kama njaa.

Kisha ukaja ule ugonjwa uliotufunika barakoa sote. Mnakumbuka tulivyofunga, kisha tukafungua tukiwa tumevaa kama wavuna asali, tukiogopa ule mvuke wa mate unaorushwa na mashine ya kutobolea meno. Mchana mmoja simu yangu ililia. Namba ya binti yake.

"Nyambura." Sauti ilikuwa imekonda, lakini ni yeye. "Nasikia redioni kazi yetu ndiyo ya hatari kuliko zote sasa. Mnafungua madirisha?"

Nilikaa chini palepale, juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Tunafungua, mama."

"Barakoa hiyo mnaivaa mpaka puani au mnaivaa kidevuni kama watu wa huku?"

"Mpaka puani."

"Vizuri." Nikasikia akivuta kiti. "Nilifanyiwa macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Waliponifungua kitambaa niliitazama leso niliyojifunga. Niliivaa mwaka mzima nikidhani imechujuka imekuwa rangi ya chai. Kumbe nyeupe pe. Nikaketi kitandani pale nikalia, yule nesi akadhani ni furaha."

"Mama..."

"Ngoja. Nimejipa nguvu siku nyingi nikuulize, usinikatize. Wale wanne." Sauti ikakatika, akaianza upya. "Wale wagonjwa wanne. Nani alikufa?"

Sikuelewa. Halafu nikaelewa, na ndoo ile ikawa kama si ndoo, kama sina nilichokalia. Alikuwa hakunikasirikia. Miaka yote ile, kila nilipopiga, alidhani napiga kumwambia. Alimwomba binti yake aseme amepumzika kwa sababu aliogopa kusikia jina.

"Hakuna," nikasema. "Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeugua. Wote wazima. Walipimwa mara zote tatu. Wote, Bi. Rukia."

Akamshukuru Mungu, kwa sauti ndogo, mara nyingi, kama mtu anayehesabu. Kisha akauliza, "Ulijua lini?"

Ningeweza kudanganya. "Mwaka ule ule," nilisema.

Hakunigombeza. Sikuwahi kutamani kitu kama nilivyotamani zile dakika zake ishirini.

Tulizungumza karibu kila Ijumaa baada ya hapo, alasiri, kwa muda wa mwaka na ushei. Aliniuliza habari zenu mmojammoja. Alijua nani huvunja vioo. Nilimwahidi nikipata likizo nitakwenda. Likizo ya kwanza mume wangu aliugua, ya pili nilikuwa nawafundisha wageni. Binti yake alinipigia Jumatano moja asubuhi. Wenzetu Waislamu hawakawizi kuzika. Nilipanda basi siku hiyo hiyo, na nilipofika kesho yake alikuwa ameshalazwa kaburini. Binti alinikaribisha, akanilisha, akaniambia, "Tangu ile simu yenu alianza kulala usiku mzima." Alisema hivyo kunifariji.

Sasa ninazo siku zote saba za juma, wala sina pa kwenda nazo.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilifungua lile jalada la kijani la taratibu za ajali, linaloeleza la kufanya mpiko ukiharibika. Linasema nani aitwe: daktari mkuu, kila mgonjwa aliyeguswa, maabara, fundi wa mashine. Nililiandika mimi mwenyewe miaka ile, nikajisifu kwamba sikumsahau mtu. Mkiufungua ukurasa wa tatu mtakuta nimeongeza mstari kwa kalamu ya wino, mwandiko wangu si mzuri lakini unasomeka: "Majibu yote yakitoka, yapelekewe pia yule aliyekosea. Msimpigie simu. Mwendeeni."